Kwa nini bangi ya CBD huvuka kikomo cha THC?

Shamba la bangi ya viwandani limepandwa aina iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi itoe CBD, kemikali ya bangi isiyolewesha, kwa wingi na THC, ile inayolewesha, kidogo tu. Karibu na mavuno kipimo kinasoma THC 0.4%, na kikomo cha sheria ya Marekani ni 0.3%. Lawama huenda kwa jua kali, ukame, au chavua kutoka shamba la jirani.

Chavua husingiziwa kuliko vyote. Ua linalopimwa ni mwili wa mama. Vinasaba vya baba vimo ndani ya mbegu tu. Chavua ngeni itavuruga mbegu za msimu ujao, na ua likishika mbegu utomvu wenye CBD na THC hupungua, lakini ua lenyewe haligeuki aina. Ukame na joto nao hubadilisha wingi wa utomvu, ila uwiano wa CBD na THC hauyumbi sana.

Mkosaji yumo ndani ya ua. CBD na THC hutokana na malighafi moja, CBGA. Ichukulie kama jora la kitambaa mbele ya mafundi wawili, yaani vimeng'enya: mmoja hushona mashati (CBD), mwingine suruali (THC). Mmea uliorithi fundi wa mashati kwa wazazi wote wawili hauna fundi wa suruali kabisa. Tatizo, fundi huyu mkasi humponyoka: kila mashati 20 hadi 30, hutoka suruali moja. Kwa uwiano wa 25 kwa 1, CBD 6% huja na THC 0.24%, CBD 10% huja na 0.4%. Aliyechagua mbegu za CBD nyingi zaidi alichagua na THC bila kujua.

Kumpata fundi wa mashati peke yake si kazi ngumu. Chavusha mmea wa CBD tupu kwa chavua ya mmea wa THC tupu: watoto wote hupata mafundi wote wawili. Wapandishe watoto hao wao kwa wao, na robo ya wajukuu itakuwa ya CBD tupu. Wengi hukwama kwa kuotesha miche michache: ukiwa na miche 8, uwezekano wa kukosa hata mmoja ni 10%, ukiwa na 16, ni 1%. Kuna na aina ambazo kinasaba cha fundi kimeharibika, jora likabaki bila kukatwa. Hizo ndizo aina za CBG, kemikali itokanayo na jora hilo hilo la CBGA.

Hiyo 0.3% nayo ina kisa chake. Wanabotania Ernest Small na Arthur Cronquist waliipendekeza mwaka 1976 ili kupanga mimea katika makundi, wakipima majani machanga. Sheria ya Marekani ya 2018 iliichukua, na siku hizi hupimwa maua, ambayo ndiyo yenye utomvu mwingi.