"Rice" kwa Kijapani: mpunga, mchele au wali?

Kiingereza kina neno moja tu, "rice", kwa mmea uliosimama kwenye jaruba, kwa punje zilizokobolewa na kwa chakula kilicho sahanini. Anayelitafsiri kwa Kijapani hana budi kujua kwanza ni kipi kati ya hivyo. Mmea ni ine. Punje ikiwa bado na ganda lake ni momi. Ikikobolewa huwa kome, na ikipikwa huwa gohan. Msomaji wa Kiswahili ameshaielewa njia hiyo: mpunga, mchele, wali.

Ndiyo maana huwa nasisitiza kwa wanafunzi wangu: usipitie Kiingereza pasipo lazima. Kamusi nyingi tulizonazo, na baadhi ya programu za tafsiri, hupitia huko. "Nimeuza gunia la mpunga" inaingia, inageuka "rice", kisha inatoka gohan, na mkulima anaonekana ameuza gunia la wali. Tofauti aliyoitamka wazi imepotelea njiani. Kosa la momi na kome ni baya zaidi, kwa sababu halishtui mtu. Mpunga ukikobolewa hubaki mchele wa takribani theluthi mbili ya uzito wake. Katika mikataba na ripoti za miradi kama ule wa umwagiliaji wa Lower Moshi, Kilimanjaro, uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, theluthi hiyo ni fedha za watu.

Hata hivyo, maneno hayalingani kila mahali. Mpunga wetu ni mmea na pia ni punje, Wajapani wanavitenga. Gohan nayo ni wali, lakini pia ni chakula kwa jumla: asagohan ni kifungua kinywa, hata kama mezani pana mkate mtupu. Tena wali ukiletwa kwenye sahani pamoja na mapishi ya Kizungu, mkahawani huitwa raisu.

Tatizo la namna hii lipo pia kwenye "brother". Kijapani hutaka kujua kama ni mkubwa, ani, au mdogo, otōto, kama sisi tunavyosema kaka na mdogo wangu. Lipo neno kyōdai linalowajumuisha wote, lakini mtoto anayemwita mkubwa wake nyumbani halitumii, husema oniisan. Riwaya isipoeleza nani alitangulia kuzaliwa, na mwandishi yungali hai, njia ya uhakika ni kumwandikia na kumuuliza.