Beki aliyefuta futiboli: mkurugenzi wa michezo chuoni anafanya kazi gani hasa

Tuwekane sawa kwanza, nikisema futiboli hapa namaanisha ile ya Wamarekani ya helmeti na mpira kama yai, sio soka. Mi kazi yangu ni mahesabu ya idara ya michezo kwenye chuo kimoja huku Marekani, na ndugu zangu wa nyumbani huwa wananiuliza, hivi inakuwaje mchezaji mstaafu anakabidhiwa idara nzima yenye mamilioni ya dola, kisa alikuwa staa? Mi huwa nawapa jina moja tu, Trev Alberts.

Huyu jamaa alikuwa linebeka wa Chuo Kikuu cha Nebraska, kile cha mjini Lincoln, yaani yule beki anayekaa nyuma ya ukuta wa mbele na kazi yake ni kuangusha watu. 1993 akabeba Butkus Award, tuzo ya linebeka bora wa vyuo nchi nzima, na 1994 Indianapolis Colts, timu ya kulipwa, wakamchagua wa 5 kwenye drafti, yaani zoezi la timu za kulipwa kuchagua wachezaji toka vyuoni. Mwili ukagoma, misimu mitatu tu majeraha yakamstaafisha. Akawa mchambuzi wa TV, ESPN wakamtimua 2005 baada ya kutotokea kazini. Halafu 2009 chuo cha Nebraska Omaha kikampa ukurugenzi wa michezo na hajawahi kuongoza ofisi kama hiyo hata siku moja!

Wengi wanadhani pale ushabiki ndo ulimbeba. Jina lilimfungulia mlango kweli, siwezi kubisha, maana matajiri wanaochangia michezo ya vyuo wanapenda kupigiwa simu na mtu waliyemshangilia, ila kilichofuata ndo wengi hawakukitegemea, kwa sababu 2011 akaifuta timu ya futiboli. Hebu fikiria mchezaji wa zamani wa Yanga apewe michezo ya chuo halafu afute soka!

Hesabu yenyewe iko hivi. Omaha walikuwa Divisheni ya Pili, isipokuwa hoki ya barafu ambayo tayari ilikuwa ya Kwanza na inaingiza watu. Alberts akataka chuo chote kipande. Ligi iliyokuwa tayari kuwapokea, Summit League, haina futiboli wala mieleka. Na futiboli ukipanda nayo gharama zinapanda kweli kweli, kwenye Divisheni ya Pili kikomo kilikuwa skolashipu 36, kule juu hata ngazi ya chini kabisa inayotoa skolashipu ilikuwa 63, na kila nafasi unayoongeza kwa wanaume, sheria ya Title IX ya 1972, ile inayokataza ubaguzi wa kijinsia vyuoni, inakubana kuhusu nafasi za wanawake. Hapo bado makocha, bima, safari za kikosi cha watu karibu mia. Chuo ambacho hakijazi uwanja kinatoa wapi hiyo hela?

Sehemu iliyouma ni mieleka. Timu ilikuwa imechukua ubingwa wa taifa wa divisheni yao mara ya tatu mfululizo, na wikendi ileile ndo wanaambiwa programu yao inafungwa. Kocha Mike Denney akaondoka na vijana wengi kwenda kuanzisha timu Chuo Kikuu cha Maryville, kule St. Louis, Missouri. Mi ningekuwa kwenye hicho kikao ningeunga mkono hesabu, ila kwa ile siku iliyochaguliwa hapana. 2015 hoki wakafika nne bora ya taifa, na mwaka huohuo Baxter Arena ikafunguliwa.

2021 akarudi chuo chake cha zamani, Nebraska ya Lincoln, kama mkurugenzi wa michezo, ambako hesabu inageuka kabisa maana pale futiboli ndo inalisha wengine wote. Septemba 2022 akamfukuza kocha wa futiboli Scott Frost, mchezaji wa zamani wa Nebraska kama yeye, siku moja baada ya kufungwa na Georgia Southern. Angesubiri hadi Oktoba 1 fidia ya kuvunja mkataba ingeshuka toka dola milioni 15 hadi nusu yake, hakusubiri. Watu wa mahesabu tulishika vichwa jamani, lakini kiukweli tiketi zisipouzwa na wafadhili wakikasirika hiyo tofauti inaweza kuyeyuka fasta tu.

Mwaka uliofuata ndo ile Agosti 30, 2023, voliboli ya wanawake ikachezwa ndani ya uwanja wa futiboli Lincoln mbele ya watu 92,003, ikatangazwa kuwa rekodi ya dunia kwa tukio la michezo ya wanawake, na wapinzani walikuwa nani kama sio Omaha.

Machi 2024 akahamia kuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo cha Texas A&M. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wenyewe moja kwa moja, kikomo dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa vyuo vingi vinaipeleka futiboli. Hiyo hela lazima itoke mahali, kwa hiyo nikiona bajeti za vyuo siku hizi naanza kusoma kwenye kuogelea, tenisi na riadha kuona kama kuna kilichokatwa, na hapo kwenye riadha ndo wapo wakimbiaji wetu wengi toka Kenya wenye skolashipu.