Ukifika Mkunazini usikimbilie vile vyumba vya chini

Msimu wa ziara za skuli ukifika hapa Unguja huwa naona kitu kile kile. Wanafunzi kutoka Bara wanashuka na boti asubuhi, wanapangwa mstari, wanakwenda mbio mbio mpaka Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, wanainama kuingia kwenye vyumba viwili vya chini ya ardhi wanavyoambiwa walifungiwa watumwa, wanapiga selfi, wanatoka wanahema, halafu jioni wanapelekwa Forodhani kula mishikaki na urojo na ziara imeisha, utumwa wameshauona. Mimi kazi yangu ni elimu ya urithi, kutembeza watu kwenye Mji Mkongwe ndo shughuli yangu ya kila wiki, na kinachoniuma ni kwamba hapo Forodhani walipomalizia kwa kula ndo palipotakiwa kuanzia, na vile vyumba walivyopiga picha ndo sehemu ambayo ushahidi wake ni dhaifu kuliko zote.

Sasa ngoja niwatembeze mie. Saa mbili na nusu zinatosha, vaeni viatu vya kutembelea na nguo za heshima maana tunapita mbele ya misikiti na nyumba za watu.

Tunaanza Forodhani mapema kabla jua halijawa kali. Neno lenyewe linajieleza, forodha, yaani pahala pa ushuru. Majahazi ya kutoka Kilwa yalitia nanga hapa mbele na binadamu walihesabiwa na kutozwa ushuru kwa kichwa, sawa na mizigo ya pembe za ndovu. Miaka ya 1860 wanahistoria wanakadiria walipita hapa watu kati ya 15,000 na 20,000 kwa mwaka, wengi wao Wayao, Wanyasa na watu wengine wa kule kuzunguka ziwa Nyasa, ambao walishatembea kwa miguu wiki kadhaa mpaka Kilwa Kivinje ndo wakaona bahari kwa mara ya kwanza. Yapo maandishi ya wakati ule yanayosema mgonjwa akionekana hatopona nahodha alikuwa anamtupa majini ili asimlipie ushuru. Nikifika hapo huwa nanyamaza, nawaacha watu waangalie maji. Kuna binti wa skuli aliwahi kuniuliza, "Sasa mwalimu, hao waliotupwa waliandikwa wapi?" Nikamwambia hawakuandikwa popote mwanangu, anayeandikwa forodhani ni yule aliyelipiwa.

Kutoka hapo tunakata kuingia Shangani. Watu wengi wanadhani biashara hii ilikuwa imefungiwa ndani ya uwanja mmoja, hapana, watu waliuzwa upande wa Shangani kabla soko halijahamia Mkunazini na walikuwa wanatembezwa vichochoroni hivi hivi tunavyopita. Kapteni mmoja Mwingereza, Thomas Smee, alifika Unguja mwaka 1811 akaandika alichokiona kwa macho yake: jioni jioni watu wanapangwa mstari, wadogo mbele wakubwa nyuma, kuanzia mtoto wa miaka sita mpaka mtu mzima wa sitini, ngozi zimesafishwa na kupakwa mafuta ya nazi, nyuso zimechorwa mistari myekundu na myeupe, mikononi na miguuni wamevishwa bangili za dhahabu na fedha. Jiulize hizo bangili za nani. Si za yule mtoto, zilikuwa za muuzaji, akishauzwa zinavuliwa anavishwa mwengine. Mimi hii habari ya bangili ndo inanikaa kichwani kuliko mnyororo wowote, kwa sababu mnyororo kila mtu akiuona anajua ni ubaya, lakini bangili ile ungeiona kwa mbali ungedhani ni harusi.

Hapo hapo Shangani kuna nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndo Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mlango wa nakshi bado upo na ndani wanaishi familia za watu kwa hiyo msichungulie. Alikufa hapa mjini mwaka 1905. Misafara yake ilifika mpaka Manyema, Congo, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wake kule Stanley Falls, na Kiswahili kinachozungumzwa leo mashariki ya Congo kimefuata njia hizo hizo za misafara, jambo ambalo wageni wetu kutoka Bukavu na Kisangani wakilisikia huwa wanatulia kabisa. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na anayesoma atakuta zaidi ni hesabu za pembe na vita.

Hapo ndo linapokuja swali ambalo halikosi: nani alifanya? Na jibu wanalokuja nalo wengi ni moja tu, Waarabu. Mimi silikwepi hili swali. Watawala walikuwa Waomani, na mashamba ya mikarafuu yaliyokula nguvu za watu hawa yalikuwa mengi ya Waarabu, hilo ni kweli na tuliseme bila kuficha. Lakini forodha yenyewe ilikodishwa kwa kampuni ya Kihindi ya Jairam Shivji, misafara iliongozwa na watu wa pwani na Wanyamwezi, machifu wa bara waliuza mateka wao, Mfaransa Morice mwaka 1776 alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na pembe za ndovu ziliishia Connecticut kule Marekani zikawa vitufe vya piano, na Wamarekani hao hao walituletea kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Mtoto akishika jina la kabila moja tu anaondoka na chuki hajaondoka na historia, na hapa kwetu tunajua chuki ya namna hiyo inaweza kufanya nini.

Tunapita Hurumzi haraka. Jina wenyeji wanalieleza kuwa ni "uhuru mzee", kwamba hapa ndo watu walikuja kupewa uhuru. Sawa, lakini aliyelipwa fidia na serikali ni mwenye mtumwa. Mtumwa hakulipwa hata pesa moja.

Sasa Mkunazini. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko na kukataza kusafirisha watumwa baharini, na hakutia kwa kupenda, balozi wa Uingereza John Kirk alimwambia manowari zitazuia kisiwa, na mwaka mmoja nyuma kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeshang'oa mikarafuu ya Unguja kwa hiyo hakuwa na nguvu ya kubisha. Krismasi ya mwaka huo huo wamisheni wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa juu ya soko. Ndani yake, mbele ya altare, kuna duara la marumaru nyekundu, inasemwa ndo pahala pa ule mti wa kufungia watu na kuwachapa. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi amezikwa nyuma ya altare, na ule msalaba wa mbao ni wa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone.

Na vyumba je? Vipo chini ya jengo la jirani, dari ya chini, vijidirisha kama nyufa, hewa nzito, na mtu anakwambia humu walijazwa watumwa kusubiri mnada. Tatizo ni kwamba jengo hilo lilijengwa na misheni likiwa hospitali, soko limeshafungwa zamani, na wapo wanahistoria wa hapa hapa Zanzibar walioandika wazi kwamba vile vyumba vilikuwa stoo ya hospitali. Mnada wa Mkunazini ulifanyika uwanjani, juani, na wanaosubiri kuuzwa walilazwa kwenye nyumba za wafanyabiashara. Mimi nimeshagombana na waongozaji wenzangu juu ya hili, mmoja akaniambia "mzee, ukiwaondolea vile vyumba wataona nini?" Namuelewa, mgeni amelipa tiketi anataka kushika ukuta. Lakini siku mwanafunzi akigundua kwamba tulimdanganya kwenye vyumba atasema na yale ya Kilwa uongo, na yale ya Smee uongo, na maelfu ya watu wa kweli wanakufa mara ya pili kwa sababu ya stoo ya dawa. Ingieni kama mnataka, ila mjue mnachokiangalia. Halafu someni yale maonyesho yaliyopo pale pale, yameandaliwa vizuri, na hakuna anayeyasoma.

Nje kwenye bustani kuna sanamu za Clara Sörnäs wa Sweden, za mwaka 1998. Watu watano ndani ya shimo, shingoni mnyororo. Kaa nao dakika tano tu. Angalia nyuso moja moja, usizipige picha kwanza.

Na hapo hapo huwa nawatajia John Swedi. Alikuwa mtoto kwenye jahazi lililokamatwa, mwaka 1864 Sultani Majid akawatoa yeye na wenzake wanne kwa Askofu Tozer wa misheni hiyo ya Kianglikana, wavulana watano wamevushwa kutoka mkono mmoja kwenda mwengine bila kuulizwa. Mwaka 1879 Swedi huyo huyo aliwekwa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile. Ana jina, ana mwaka, ndo maana namtaja.

Kitu kimoja msikose: 1873 haikumaliza utumwa. Soko lilifungwa, mashambani watu waliendelea. Amri ya kuufuta ilikuja 6 Aprili 1897, na hata hapo mtu alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje mpaka 1909. Kwa hiyo wapo wazee wetu ambao bibi zao walizaliwa ndani ya utumwa, si hadithi ya zamani za kale.

Tunamalizia kwa kutoka nje ya Mji Mkongwe, jambo ambalo ziara nyingi hazifanyi. Darajani, palipokuwa na daraja kweli na maji chini yake, mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na Ng'ambo, na sasa umefukiwa na daladala zinapita juu. Waliotoka utumwani walikaa kule ng'ambo ya maji, kwenye nyumba za udongo na makuti. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, vazi lililomtambulisha mtu kuwa mtumwa, walianza kununua kanga za rangi na kujifunika kichwa kama waungwana walivyokuwa wakijifunika. Kule Ng'ambo aliishi pia mwanamke aliyezaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880 kwa wazazi wenye asili ya utumwa, akaja mjini kuuza vyungu, na sauti yake mwaka 1928 ilimfikisha Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Tunamjua kwa jina la Siti binti Saad. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa.