Senote: mtoto akikwambia hapo hukaa majini

Nikiwaonyesha watoto picha ya senote, yale mashimo yenye maji ya buluu katikati ya msitu wa Yucatán kule Meksiko, sauti ya kwanza hutoka nyuma ya darasa: "Mwalimu, hapo hukaa majini." Nikianza kubishana habari ya majini na mashetani hapa Lamu, kipindi kimekwisha. Basi naanza na jiwe.

"Maji hayawezi kula mwamba." Dhana hii hata wazazi wanayo. Nachukua kipande cha jiwe la Manda Maweni, lile lile la kuta za nyumba zetu, nakikwaruza kwa msumari, nakikamulia ndimu. Kimya. Halafu vipovu vinaanza kutokota juu ya ule unga mweupe, na aliyesogeza sikio husikia chiii. Jiwe letu ni chokaa ya matumbawe ya kale. Mwamba wa Yucatán nao ni chokaa iliyotokana na viumbe wa baharini. Maji ya mvua hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na udongoni yakawa tindikali hafifu, hafifu kuliko hiyo ndimu, ila yana maelfu ya miaka ya kufanya kazi. Yanakula mwamba chini kwa chini mpaka pango linatokea, na dari ikishindwa kujibeba, inaporomoka. Hiyo ndiyo senote. Hakuna aliyeichimba, mtu wala jini. (Yule wa nyuma hapo huguna.)

Wakubwa wao, waliokwisha kuona video, husema ni kimondo. Kweli kimondo kilianguka Chicxulub, huko huko Yucatán, miaka milioni 66 iliyopita, na safu moja ya senote imefuata ukingo wa kasoko lake, yaani shimo kililoacha. Lakini mwamba wa juu ulijengeka baadaye. Ukingo ulielekeza maji tu, na maji ndiyo yaliyochimba.

"Hazina mwisho." Zinao. Ila nyingi zimeungana kwa mapango: mwaka 2018 wapiga mbizi waligundua kwamba mapango ya Sac Actun na Dos Ojos ni mfumo mmoja, kama kilomita 347 za njia chini ya maji. Kaskazini mwa Yucatán karibu hakuna mto juu ya ardhi, ndiyo maana Wamaya, wenyeji wa huko, walijenga miji yao kando ya mashimo haya, na jina lenyewe limetokana na neno lao dzonot.

Nyingine napenda kuionyesha kwa gilasi: "Maji matamu na ya chumvi yakikutana lazima yachanganyike." Natia maji ya chumvi yenye rangi, kisha namimina matamu polepole juu ya kijiko. Yanakaa matabaka mawili. Katika senote zilizo karibu na pwani ni hivyo hivyo, matamu juu, ya bahari chini. Na chini ya vilima vya mchanga vya Shela, tunakopata maji ya mji, ni hivyo hivyo pia. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Hapo darasa huchangamka, maana kila mtoto ana shangazi ambaye kisima chake kimegeuka chumvi.

Sasa ile ninayoiogopa: "Maji yakiwa kioo yanafaa kunywa." Mchanga huchuja kidogo. Mwamba wa chokaa umejaa nyufa, na uchafu hupita humo mbio. Maji ya senote yanaweza kung'aa mpaka ukaona kivuli cha mpiga mbizi sakafuni, na bado yakawa na vijidudu vya choo cha hoteli iliyo juu yake.

Mtoto mmoja aliuliza: choo cha kwao je, na kisima cha uani? Nikamwambia apime kwa hatua zake. Kesho yake alifika kabla ya kengele, akasimama mlangoni bila hata salamu.

"Hatua tisa, mwalimu."