Je, wajua kwa nini saratani ya matiti iliyosambaa hupimwa upya?

Mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti, kisha baada ya miaka kadhaa ikaibukia kwenye ini au mfupa, mara nyingi hutakiwa kutolewa kinyama kingine, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, naye huuliza kwa nini, ilhali ugonjwa ni uleule. Sababu ni kwamba seli zilizohamia mbali si lazima zibaki na protini za uvimbe wa kwanza.

Tofauti hiyo huonekana kwa hadubini. Kinyama hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi maalumu: palipo na kipokezi cha estrojeni, yaani protini inayoipokea homoni hiyo, kiini cha seli hugeuka kahawia, na palipo na HER2, protini inayochochea seli kukua, kwa wingi, rangi huuzunguka utando wa seli kama pete. Viini vikishika rangi kwa asilimia 1 tu, uvimbe huhesabiwa kuwa na kipokezi, na dawa kama tamoksifeni, inayokizuia kipokezi hicho, huweza kufikiriwa. HER2 ikiwa nyingi, ndipo trastuzumab, dawa inayoilenga HER2, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hupata pa kushika.

Protini ya E-kadherini nayo, ambayo huzishikamanisha seli jirani kwa msaada wa kalsiamu, mara nyingi hupungua seli zinapochomoka. Lakini tusiharakishe kusema kwamba kuikosa ndiko kusambaa, kwani majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa seli zilizoikosa zilipenya zaidi, ila nyingi zilikufa kabla ya kuota kwingine.

Vipokezi hubadilikaje? Pengine uvimbe ulikuwa na seli mchanganyiko tangu mwanzo, dawa ikaziua zenye kipokezi na kuziachia nafasi zisizo nacho. Pengine jeni ya ESR1, inayotengeneza kipokezi hicho, hupata kasoro, nacho kikafanya kazi bila kusubiri estrojeni; hapo rangi hubaki kahawia vilevile, lakini dawa za kupunguza homoni hazifui dafu, na kasoro yenyewe hutafutwa kwa kupima vinasaba, hata vilivyomo katika damu.

Mfupa una udhia wake. Kabla ya kukatwa hulainishwa kwa asidi, ambayo yaweza kuharibu protini zinazotafutwa na kuleta majibu ya uongo, kwa hiyo penye hiari madaktari hupendelea kinyama cha ini au cha tezi za limfu.