Chumvi iliyozidi kwenye ndoo ya sabuni ya maji

Mama mmoja anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani alituletea ndoo ya lita 20 maabara. Jioni, alisema, sabuni ilikuwa nzito, inateremka kwenye mwiko kama asali. Akatamani iwe nzito zaidi, akatupia chumvi kiganja kizima. Ikageuka maji. Akaamini ameuziwa sles feki, yaani ile kemikali kuu ya kusafisha na kutoa povu.

Sles yake ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mpangilio wa miseli.

Molekuli ya safakitanti, yaani kemikali inayofanya kazi ya sabuni, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Molekuli hizo zikiwa chache, baadhi hukimbilia juu ya uso wa maji. Ukiongeza, hufika kiwango ambapo uso umejaa, na zinazozidi hujikusanya kwenye maji yenyewe, mikia ndani na vichwa nje. Fungu hilo ndilo miseli. Upana wake ni nanomita chache tu, na mafuta ya sahani hujificha humo katikati ya mikia hadi yaondoke na maji.

Sasa tuangalie kiwango hicho. Sodiamu dodesili salfeti, iliyomo kwenye dawa nyingi za meno, huanza kuunda miseli ikifika takriban milimoli 8 kwa lita, sawa na gramu 2.3 hivi. Ni nyingi, kwa sababu vichwa vyake vyote vina chaji hasi na vinafukuzana. Safakitanti isiyo na chaji, yenye mkia uleule wa kaboni 12, inaweza kuanza kwenye milimoli 0.1. Zichanganye nusu kwa nusu: wengi wangekisia milimoli 4. Hesabu inatoa 0.2 hivi, na ukipima unakuta imeshuka hata chini ya hapo! Vichwa visivyo na chaji hukaa kati ya vile vinavyofukuzana, kama abiria mpole aliyewekwa katikati ya wawili wasiosemezana kwenye daladala.

Hiyo ndiyo kazi ya CDE, safakitanti itokanayo na mafuta ya nazi, kwenye ndoo. Salfoniki, ile asidi ya kutengenezea sabuni, ikishatulizwa kwa soda ina chaji hasi, sles nayo vilevile, CDE haina. Wengi wakibana matumizi huiacha, halafu hufidia kwa chumvi. Mimi ningebana pafyumu kwanza.

Chumvi nayo hupunguza ule ugomvi wa vichwa, lakini kwa njia yake. Sodiamu zake huvizunguka vichwa, miseli zilizokuwa duara hurefuka kama tambi, na tambi zikisokotana sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha, tambi huota matawi na maungio yake huteleza, uzito unaanguka. Ukiendelea zaidi sabuni hufanya ukungu, kisha hujitenga matabaka. Kwa hiyo uzito hauonyeshi nguvu ya kusafisha: sabuni mbili zenye kiasi kilekile cha sles, moja nzito na nyingine nyepesi, zinaweza kuosha sufuria ileile sawasawa.

Ndoo ile tuliiokoa kwa kuichanganya taratibu na sabuni isiyotiwa chumvi. Ilipofika karibu na mwisho, mwiko ukaanza kuwa mzito mkononi. Tukamshauri siku nyingine aiyeyushe chumvi kwenye maji kwanza, kisha aimimine kidogo kidogo huku akikoroga, na aache mara tu uzito unapomtosha.

Akiwa mlangoni akauliza: je, akitia humo dawa ya kuua vijidudu, si atauza mbili kwa moja? Inategemea dawa. Nyingi za kufutia sakafu na meza zina benzalkoniamu, ambayo chaji yake ni chanya. Ikikutana na sles au salfoniki, hasi na chanya hushikana, mara nyingi yanatokea machicha meupe, na dawa inapoteza makali. Osha kwa sabuni, suuza vizuri, ndipo upake dawa. Na ziuzwe kwenye chupa mbili.