Upendo wa Kikristo kwa Mgeni wa Mbali

Upendo wa Kikristo kwa mgeni wa mbali ni nia thabiti, yenye kuzaa matendo, ya kumtakia na kumtendea mema mtu ambaye huenda hutaonana naye maishani, asiye wa ukoo wako, wala wa taifa lako, wala wa imani yako, kwa kuwa naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Msingi wake ni nia kwa sababu hisia haziwezi kuubeba. Hakuna binadamu awezaye kuona huruma ya kweli, ile inayokamata moyo, kwa kila mmoja wa watu zaidi ya bilioni 8 wanaoishi duniani leo, na Maandiko hayamdai mtu jambo hilo. Yanamdai kwamba, pale ambapo uamuzi wake, fedha yake, kura yake au ulimi wake unamgusa mtu wa mbali, amhesabie mtu huyo thamani ileile anayojihesabia yeye mwenyewe.

Ni vyema pia kuutenga upendo huu na ile hali ya kuwapenda wanadamu wote kwa jumla. Kuwapenda wanadamu kwa jumla ni rahisi, maana wanadamu kwa jumla hawabishi, hawasahau kushukuru, wala hawasali kwa namna inayokushangaza. Mgeni wa mbali ana jina na kabila, ana madeni, ana watoto wanaomtegemea, na mara nyingi ana mawazo ambayo ungeyapinga kama mngeketi meza moja. Upendo wa Kikristo unamlenga mtu wa namna hiyo, hata pale unapomfikia pamoja na maelfu ya wenzake.

Mzizi wa dhana hii uko katika Torati. Kitabu cha Mambo ya Walawi, katika sura ya 19, kinaagiza mtu ampende jirani yake kama nafsi yake (aya ya 18), kisha agizo hilo linarudiwa kwa ajili ya mgeni (aya ya 34), na sababu inatajwa: Waisraeli wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Kumbukumbu la Torati 10:18 linaongeza kwamba Mungu humpenda mgeni kwa kumpa chakula na mavazi, yaani kwa vitu vinavyoshikika. Hata hivyo ni lazima tukubali kwamba mgeni anayetajwa hapo ni yule aliyekwisha kufika, anayekaa kati ya watu na kuokota masazo ya mavuno mashambani mwao. Sheria hizo peke yake hazikujibu swali la mtu anayeishi ng'ambo ya bahari. Jibu lilikuja polepole, na kwa waliolisikia mara ya kwanza lilikuwa chungu.

Uchungu huo unaonekana wazi katika kitabu cha Yona. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, adui waliojulikana kwa ukatili, na nabii Yona, aliyetumwa kuuonya, alipoona umesamehewa alikasirika kiasi cha kuomba afe. Akaketi nje ya mji, upande wa mashariki, akafurahia kivuli cha mtango uliomea kwa usiku mmoja. Buu lilipoutafuna ukanyauka, Yona aliuhuzunikia mmea huo kuliko alivyouhuzunikia mji mzima. Ndipo Mungu akamwuliza: wewe umeuhurumia mtango ambao hukuufanyia kazi, je, mimi nisiuhurumie Ninawi, wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wao wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Kitabu kinaishia hapo, bila kutuambia Yona alijibu nini. Kwa maoni yangu, hakuna ukurasa mwingine katika Agano la Kale unaoeleza vizuri zaidi tatizo letu, kwamba kitu kidogo kilicho karibu, kinachotupa raha, kinaweza kuujaza moyo hata mji mzima ukakosa nafasi ndani yake.

Yesu naye alikutana na tatizo hilo mapema. Kwa mujibu wa Luka 4, watu wa Nazareti walimsikiliza kwa mshangao sinagogini, hadi alipowakumbusha mambo waliyoyajua tayari: wakati wa njaa Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, ingawa wajane walikuwa wengi katika Israeli, na Naamani mtu wa Shamu ndiye aliyetakaswa siku za Elisha, ingawa wenye ukoma walikuwa wengi kwao. Kwa maneno hayo, watu wa mji alikolelewa walimpeleka mpaka ukingo wa kilima wakitaka kumtupa chini. Hakuwa amewanyima kitu; alikuwa amesema tu kwamba wema wa Mungu haukomei mpakani.

Mfano wa Msamaria mwema, katika Luka 10, hutajwa kila dhana hii inapofafanuliwa, na kwa kuwa umezoeleka mno unastahili kusomwa taratibu. Mwanasheria aliuliza, "Na jirani yangu ni nani?" Ni swali linalotafuta mpaka: wajibu wangu unafika wapi, na kuanzia wapi niko huru? Yesu hakumchorea mpaka. Alisimulia habari za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akapitwa na kuhani na Mlawi, kisha akahudumiwa na Msamaria, mtu wa jamii ambayo Wayahudi wa wakati ule hawakuchangamana nayo. Mwishoni akaligeuza swali: katika hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi? Ujirani, kwa hiyo, hauamuliwi na umbali wala asili. Unaanzishwa na yule anayeamua kumwonea mwenzake huruma.

Huenda mtu akasema kwamba mfano huu unahusu aliye mbele ya macho, maana Msamaria alimwona majeruhi mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli, lakini tazama kilichotokea siku ya pili. Msamaria ana safari na hawezi kubaki. Anatoa dinari mbili, ambazo kwa kipimo cha Mathayo 20 ni ujira wa kibarua wa siku mbili, anamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, anamwomba amtunze mgonjwa, na anaahidi kwamba gharama itakayozidi atailipa atakaporudi. Kuanzia hapo majeruhi anauguzwa na mtu mwingine, kwa fedha ya mtu aliye mbali, ambaye huenda hata jina lake halijui. Huruma ya barabarani imekwisha kuwa mpango: kuna kiasi kilichotolewa, kuna mtu wa kati aliyeaminiwa, na kuna ahadi ya kufuatilia. Mashirika ya Kikristo ya misaada, kama Caritas Internationalis lililoanzishwa mwaka 1951, yanafanya kwa ukubwa kile alichokifanya Msamaria kabla ya kuondoka.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwamba mwenye shida nyumbani kwake hana sababu ya kutazama ng'ambo. Pingamizi hilo si la kupuuzwa, kwa sababu Biblia yenyewe inalipa nguvu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo (5:8) unasema kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Na Wagalatia 6:10 inaagiza kuwatendea watu wote mema, hasa jamaa ya waaminio. Agostino wa Hippo, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliandika kwamba watu wote wanastahili kupendwa sawa, ila kwa kuwa huwezi kuwafaa wote, uwajali zaidi wale ambao mahali, wakati au hali imewaleta karibu nawe kana kwamba kwa kura. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliyapanga mawazo ya namna hiyo kuwa fundisho kamili la mpangilio wa upendo.

Fundisho hilo ni la busara, maana mzazi anayewanyima wanawe chakula ili atume msaada mbali hajatenda jema. Lakini linatumiwa vibaya mara nyingi. Kwa Agostino ukaribu ni kama kura, yaani jambo lililotokea tu, wala si kipimo cha thamani ya mtu. Thoma naye alifundisha kwamba yapo mazingira ambapo mgeni aliye katika dhiki kuu husaidiwa kabla hata ya baba mzazi, ikiwa baba huyo hana haja kubwa kama hiyo. Mpangilio unaamua nani ahudumiwe kwanza pale mkono unapokuwa mfupi. Haumruhusu aliyeshiba kusema kwamba wa mbali hamhusu. Papa Fransisko aligusa jambo hili katika barua yake kwa maaskofu wa Marekani ya tarehe 10 Februari 2025, alipoandika kwamba mpangilio wa kweli wa upendo hugunduliwa kwa kuutafakari bila kukoma mfano wa Msamaria mwema, yaani upendo unaojenga udugu ulio wazi kwa wote.

Kanisa la mwanzo lilijifunza upesi kwamba upendo wa mbali hupitia mikononi mwa watu, na kwamba mikono hiyo lazima iaminike. Matendo ya Mitume 11 inaeleza jinsi wanafunzi wa Antiokia, waliposikia habari za njaa iliyotokea wakati wa Kaisari Klaudio, walivyowapelekea msaada ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli (ndiye Paulo), kila mtu kwa kadiri alivyoweza. Miaka kadhaa baadaye Paulo alikusanya mchango mkubwa kutoka makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Wengi wa waliotoa walikuwa watu wa mataifa, wenye desturi nyingine kabisa. Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, ili michango isianze kutafutwa siku atakapofika, na hakukubali kuzibeba fedha hizo peke yake: alifuatana na mjumbe aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8:19-20). Yeyote aliyewahi kuona fedha za misaada zikiishia mifukoni mwa wachache ataelewa kwa nini mtume alilipa uzito jambo linaloonekana kuwa la kihasibu. Anayependa kwa mbali haoni kinachotendeka. Asipodai hesabu, anayeumia ni yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Mchango huo ulitoka kwa waumini kwenda kwa waumini, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Karibu mwaka 253 Kipriano, askofu wa Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, alituma sesterti 100,000 (sarafu za Kirumi) zilizochangwa kanisani kwake ili kuwakomboa mateka wa nchi jirani ya Numidia, akaambatanisha majina ya waliotoa ili wakumbukwe katika sala; mateka hao walikuwa Wakristo. Lakini tauni ilipoikumba Karthago katika miaka hiyohiyo, kwa mujibu wa Ponsio, shemasi aliyeandika maisha ya askofu huyo, Kipriano aliwataka waumini wawahudumie wapagani pia, kwa hoja kwamba hakuna la ajabu katika kuwatunza walio wetu tu. Ni wapagani wa mji huohuo ambao kabla ya hapo walikuwa wamepiga kelele kutaka yeye mwenyewe atupwe kwa simba.

Katika dunia yenye dini nyingi, hapo ndipo penye kazi ngumu. Mkristo anaamini kwamba Injili ni habari njema kwa kila mtu, na hakatazwi kumtakia mgeni wa mbali aipokee. Lakini mkate haupaswi kugeuzwa chambo. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa kwanza wa mwaka 2005, aliandika kwamba upendo ni wa bure na hautolewi ili kufikia malengo mengine, na kwamba Mkristo hujua wakati wa kumnena Mungu na wakati wa kunyamaza ili upendo wenyewe useme. Kanuni za maadili za misaada ya maafa za mwaka 1994, ambazo Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni yalikuwa miongoni mwa wadhamini wake, zinasema vivyo hivyo kwa lugha ya kiofisi: msaada hutolewa bila kujali rangi, imani au utaifa wa anayeupokea, wala hautumiwi kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini.

Fedha si njia pekee ya upendo huu. Waraka wa Yakobo (5:4) unasema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na anayevaa shati lililoshonwa na mtu asiyelipwa haki yake anahusika na kelele hizo. Kuna pia ulimi, ambao nadhani tunaupuuza kupita kiasi. Asiyekuwepo na lake halipo, na mgeni wa mbali hayupo kujitetea anaposemwa. Mtu anayesambaza kwa simu picha ya ghasia, akiandika chini yake kwamba ndivyo walivyo watu wa dini fulani, bila kujua ilipigwa wapi wala lini, amemshuhudia uongo jirani asiyeweza kumjibu. Kuifuta picha hiyo kabla ya kuituma ni tendo la upendo, tena halina gharama.

Limebaki suala la heshima ya anayepokea. Katika Warumi 15 Paulo anauita mchango wake deni, kwa kuwa watu wa mataifa walikwisha kushiriki baraka za kiroho zilizotoka Yerusalemu. Kisha anawaomba Warumi wamwombee ili huduma yake ikubaliwe na watakatifu, yaani waumini, wa Yerusalemu. Alikuwa amewabebea maskini fedha, na bado hakuchukulia kwamba wangeipokea tu. Mgeni wa mbali ana dhamiri yake na ana uhuru wa kukataa, hata akiwa na njaa. Kwa sababu hiyo wenyeji huulizwa kabla mzigo haujafungwa: kama wamesema kwamba wanahitaji mbegu kabla ya mvua, nguo zilizotumika hazitawafaa, hata zikitumwa kwa moyo mweupe.